Si Mpini Tu, Papa

Mpendwa Papa,

Najua kule uliko hakufiki barua, kwa hiyo hii sikuifunga. Naiacha wazi juu ya meza ya atelye, karakana yangu, asome yeyote anayejua kusoma. Nataka hasa isomwe na Espoir, mwanao, mdogo wangu, na majirani wote ambao wiki nzima wamekuwa wakiingia hapa kwangu Sake na neno moja mdomoni: "Papa yako angeitengeneza." Wengine wamelisema kwa upole, wengine kwa kunigombeza, na mmoja alilisema huku anatafuna mahindi ya kuchoma, punje zikidondoka ndani ya mashini ya watu. Nimechoka kumjibu mmoja mmoja. Nakujibu wewe, wao wasikilize.

Jambo lenyewe ni hili. Jumanne asubuhi nilikuwa nimeinamia mashini ya kushona ya mama mmoja wa kwaya, akaingia mwanaume nisiyemjua. Hakuwa na sare. Alivaa koti la mvua na jua linawaka. Akatoa kitu kilichofungwa kwa kipande cha kitenge, akakiweka juu ya kazi yangu bila kuomba nafasi, akakifungua. Ilikuwa bastola.

"Dada," akasema, "mupini yake inacheza. Visi moja ilianguka, na bage yake inazunguka ovyo. Banasema papa yako njo alitengenezaka hii, na alikufundisha. Iko kazi kidogo tu."

Niliitambua, Papa. Ni ile ile uliyoitengeneza mezani kwetu Muheto. Nilimwambia hapana. Akacheka kama mtu aliyesikia mtoto akiimba wimbo wa wakubwa. "Sikukuuliza, dada," akasema. "Siku ya posho nitarudi. Utayarishe vyombo." Akaifunga, akaenda zake. Tangu Jumanne ile mpaka Jumamosi, siku yenyewe ya posho, nilikuwa na siku nne za kuamua kama nitaishika tena bastola ile ama nitaiacha atelye yangu ichomwe moto, maana kila mtu aliniambia kwamba katikati ya mambo hayo mawili hakuna la tatu.

Lakini kabla ya kuja huko, nikukumbushe tulivyoishi, kwa sababu hawa wanaosema "papa yako" hawakukujua. Walijua mikono yako tu.

Unakumbuka baraza la nyuma kule Muheto, lile lililotazama shamba la viazi, ukungu ukitufikia hadi magotini? Upande mmoja ulikuwa na miti uliyoikausha kwa ajili ya mipini ya majembe. Upande wa pili zilikaa mashini za kushona za vilima vyote, kila moja na ugonjwa wake. Ulinifundisha visi, zile skrubu ndogo, kabla hujanifundisha kuendesha baiskeli. Ulinifungia macho kwa kitambaa cha Mama, ukaniwekea kiganjani visi moja moja kutoka kwenye kopo la maziwa ya unga, nikataja kwa kidole inatoka wapi: hii ya mguu wa mashini, hii ya sindano, hii ya gurudumu. Nikikosea ulinipiga kidogo utosini na turnevisi, bisibisi yako. Nikipatia ulisema, "Njo vile, mama," ukiniita mama kwa kuwa nilichukua jina la mama yako. Nilikuwa msichana wa pekee kilimani mwenye mafuta ya mashini chini ya kucha, na nilijiona malkia.

Na unakumbuka desturi ya mipini. Kwetu, msimu wa kulima ukifika, mtu akija na jembe lisilo na mpini hakataliwi. Awe rafiki, awe adui, unamchongea, kwa sababu anayeshinda bila kulima leo, watoto wake watashinda njaa kesho. Uliishika desturi hiyo kuliko mzee yeyote niliyemjua. Yule jirani aliyegombania mpaka nasi, aliyekuita mwizi mbele ya kanisa, si alikuja mwezi wa kupanda na jembe lake limelegea? Hukumsalimia. Hukumtazama hata usoni. Ulimchongea mpini mzuri, ulionyooka, ukampigilia mwenyewe, naye akaenda moja kwa moja kulima mpaka ule ule tuliougombania. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Wewe ulinuna, lakini kesho yake ulikuwa unasimulia mwenyewe.

Sasa nafika kwenye siku ile. Usinikasirikie, lazima nifike.

Alikuja komanda mmoja wa wale waliokuwa wakishika kilima wakati ule, na watu wake watatu, mchana, Mama akiwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Aliweka bastola mbele yako. Vibao viwili vya mpini vilikuwa vinacheza, kimoja kimepasuka. Ulimwambia kwanza masasi, risasi zake, yatoke, na yasiingie katika nyumba yako. Ajabu, alikubali. Uliyatia kwenye sufuria ndogo ya Mama, ukafunika kwa kifuniko, ukaiweka nje karibu na kuku, na askari mmoja akaambiwa ailinde. Mpaka leo nikikumbuka mwanaume yule na bunduki yake begani, analinda sufuria huku jogoo anamzunguka, nacheka peke yangu.

Halafu ukafanya kazi. Ulifanya kwa uzuri, siwezi kusema vingine. Mpini ulikuwa na visi nne, mbili kila upande, na kila visi iliingia ndani ya pete ndogo ya chuma iliyokazwa kwenye mwili wa bastola, ndiyo uliyoita bage. Ulinionyesha: kichwa cha turnevisi lazima kijae mfereji wote wa visi, la sivyo unaukwangua na umeharibu. Tatu zilitoka vizuri. Ya nne kutu ilikuwa imeishikanisha na bage yake, ukageuza, vikatoka pamoja, na nyuzi za ile bage zikawa zimekwisha. Ukasema unakwenda dukani, ukashuka hadi Sake kwa pikipiki ya yule komanda, ukarudi na visi na bage za mashini ya kushona iliyokufa. Ukazisugua kwa tupa, ukajaribu, ukasugua tena, mpaka zikakubali. Ukachonga vibao vipya vya mti wa libuyu, ukavipaka mafuta. Visi ile ya nne ilikuwa na kichwa kipana kuliko wenzake, mtu yeyote angeiona.

"Sasa ikitetemeka itafunguka tena," ukasema. "Ningepata kitu ya kuishikamanisha."

Nami nikakimbia chumbani, nikaleta verni yangu nyekundu ya kucha, ile niliyoinunua kwa ajili ya siku yangu ya kipaimara. Uliweka tone moja chini ya kila visi. Ulinisifu mbele ya komanda. Nilifurahi, Papa. Nataka wajue hilo pia, nisije nikajifanya malaika katika barua hii. Nilifurahi.

Walipoondoka, Mama alikuwa bado anatwanga, lakini kwa nguvu kuliko sombe lilivyohitaji. Akakuuliza:

"Unatengenezea bale batu bunduki?"

"Miye nimetengeneza mupini tu. Mahali ya kuua sikugusa. Muntu ameomba mupini, nitamukatalia aje?"

"Na kama haina mupini, iko nini?"

"Iko chuma."

"Basi ungeiacha ikuwe chuma."

Ulicheka, ukasema wanawake hawajui mambo ya ufundi. Na mimi, mwanamke mwenye mafuta chini ya kucha, nilicheka pamoja nawe. Lakini hapo ndipo ulipokosea, na nimechukua miaka mingi kuliona kosa lenyewe. Hukuwa mtu mbaya, na woga wako haukuzidi wa wengine. Ni lile neno lililokudanganya. Kwa lugha yetu kile kitu kinaitwa mpini, kama ule wa jembe, na wewe mwenye mpini hukuweza kumkatalia mtu. Uliichukua desturi ya watu wanaolima ukamfanyia mtu asiyelima.

Msimu wa pili nikawa natoka Sake kupanda Masisi, katika kamyo ya Papa Kambale, lori lake la mizigo. Wasiomjua: ni mfanyabiashara kutoka upande wa Butembo, Mkatoliki wa misa ya kila asubuhi, mwenye duka la vipuri hapa Sake na kamyo aliyokuwa akiiendesha mwenyewe kwa sababu hakumwamini dereva yeyote. Nilikaa naye mbele, mapajani nimepakata kichwa cha mashini ya mjane mmoja. Wanaume wenye bunduki wakatusimamisha penye kona. Waliitaka ile mashini. Papa Kambale akasema, kwa ile sauti yake ya kuhubiri, "Ile ni ya mujane, muache." Mmoja wao akatoa bastola. Hakuipiga. Aliigeuza, akaishika kwa upande wa mtutu, akampiga Papa Kambale usoni kwa mpini. Mara mbili. Mara ya tatu jicho la kuume halikuwa jicho tena.

Nilikuwa karibu kuliko nilivyo karibu na karatasi hii. Niliona vibao vya libuyu. Niliona visi yenye kichwa kipana. Niliona wekundu wa verni yangu. Mahali pa kuua hapakutumika siku ile, Papa. Kilichotumika ni kazi yetu.

Nilirudi Muheto na damu yake kwenye kitenge changu. Nilikukuta barazani, nikakuambia yote, bastola ipi na visi ipi. Uliweka tupa chini. Uso wako ukawa wa mtu mgonjwa. Halafu, kabla ya neno lingine lolote, uliniuliza:

"Visi ilishika?"

Nikakujibu kwamba ilishika. Ilishika vizuri kabisa. Nikaingia ndani na nikakaa wiki tatu bila kukusemesha, nikikuwekea chakula na kugeuka. Ulinifuata jikoni, ulinifuata kisimani. Ulisema neno lilikutoka kwa mazoea, kwamba fundi mdomo wake unatangulia moyo. Leo nalielewa. Nami nimewahi kuuliza swali la kijinga penye msiba. Lakini wakati ule nilikuchukia, na hilo nalo nataka lisomwe, kwa kuwa hawa wanaoniambia nikufuate wanadhani nilikuwa nakufuata sikuzote kama kondoo.

Bastola hukutengeneza tena. Hilo nalikubali na nalisema kwa sauti. Lakini hukumwendea Papa Kambale, wala mimi sikumwendea. Miaka yote tulimsalimia njiani, "Yambo Papa, jicho iko aje?" na yeye akajibu, "Ile moja inatosha," na sisi tukatazama chini.

Kisha vita vikapanda vilima vyote, tukakimbia. Ni yeye aliyetuchukua. Alipandisha kamyo kutoka Sake wakati wenye magari wote wanashuka, akatukuta barabarani na mizigo kichwani, akasema pandeni. Siku tatu za matope mpaka Walikale, hadi Kibua. Wewe ulikaa mbele naye, mimi na Mama nyuma juu ya magunia ya maharagwe, na kupitia kidirisha nilikusikia ukimsumbua mwenye gari njia nzima: "Shimo. Jiwe. Muntu iko pale. Shimo tena." Niliona aibu. Nilimwambia Mama, mume wako anamfundisha mtu kuendesha gari lake.

Kibua ulilima mihogo, ukachonga mipini, kifua kikakubana, ukafa kabla ya mavuno ya pili. Siku za mwisho ulinishika mkono, ukasema, "Ile visi, mama. Ningetia ya mubovu." Nilikuitikia kwa kichwa kwa sababu ulikuwa unakufa. Lakini hapana. Ungemkatalia tu, hata kama ingekugharimu. Mama yuko huko bado, analima karanga karibu na kaburi lako, na amekataa kabisa kurudi.

Mimi nilirudi. Nilifungua atelye hii, nina wasichana watano ninaowafundisha, na kazi nazipata. Basi turudi kwenye wiki hii.

Jumatano Espoir alikuja amevaa koti lake la ualimu. Alikaa, akafuta miwani, akaanza na Mungu, akamaliza na bastola.

"Dada, ni visi moja tu. Nusu saa. Unafunga mulango, unatengeneza, anaenda. Batakuchomea atelye juu ya visi?"

"Ni visi tu?"

"Njo vile. Na Papa angeitengeneza. Unajua."

"Ninajua. Aliitengeneza."

"Basi unajifanya muzuri kuliko Papa?"

Hapo nilimfukuza. Mdogo wangu, mwalimu, nilimfukuza na ufagio mbele ya wasichana wangu. Alipofika barabarani akapiga kelele kwamba nina kichwa kigumu. Nilimjibu kwamba kichwa hiki nilipewa na yule yule anayeniambia nimfuate. Alhamisi alikuja mkuu wa mtaa na maneno yale yale, ila bila Mungu. Wote walikuwa na lile neno dogo mwishoni, tu. Visi tu, nusu saa tu, mara moja tu. Nisemeje, Papa, neno hilo sasa nikilisikia meno yananiuma.

Ijumaa akaja Papa Kambale. Nilipomwona mlangoni na kofia yake mkononi, hasira ilinipanda. Nilidhani naye ametumwa. Nilimwambia kabla hajakaa:

"Kama umekuja kuniambia papa yangu angetengeneza, sikiliza kwanza. Ile pistole njo ilikupiga. Papa alitia visi yake. Miye nilitia verni. Tangu ile siku ninajua, na kila siku ninakusalimia."

Maneno yaliyokaa kooni mwangu miaka yote yakatoka kwa pumzi moja, bila hata kusimamisha gurudumu la mashini. Wasichana waliacha kushona.

Papa Kambale alikaa. Akaweka kofia juu ya goti.

"Ninajua," akasema. "Ile visi ilitoka mu kopo yangu. Papa yako alikuja mu duka, aliniambia wazi ni ya kufanya nini. Nikatafuta miye mwenyewe na bage yake, nikamupatia. Nikamwambia, chukua, ni visi tu. Balinipiga, kitu ya kwanza niliona ni ile kichwa yake. Nikasema, eh, Kambale, kitu yako imerudi."

Nikamuuliza kama wewe ulijua kwamba anajua.

"Papa yako? Siku ya kukimbia, njo alichagua kukaa upande wa jicho yenye kufa. Sikumuomba. Siku tatu ananiambia shimo, jiwe, muntu. Tulipofika Kibua sauti yake ilikuwa imekwisha. Hatukusema kitu ingine. Sasa unataka tuseme nini?"

Papa, nililia. Nililia mbele ya wasichana wangu na mama mmoja mteja, juu ya shati la mtu, na nikalazimika kulifua. Nilikuwa nimekuonea aibu njia nzima, kumbe ulikuwa unamwendesha yule mtu kwa sauti yako, unamlipa jicho kwa namna pekee uliyoiweza. Ungeniambia. Ungenipa hata neno moja. Lakini nyinyi wanaume wawili mliamua kusameheana kwa mashimo ya barabara, na mimi nikaachwa nyuma na magunia.

Na sikia, hilo halikunilainisha. Lilinikaza. Kwa sababu kama kosa lile lilikuwa dogo, mbona lilikula sauti yako siku tatu?

Jumamosi Papa Kambale alikuja mapema na kiti chake cha dukani, akakiweka mlangoni kwangu, akakaa. Soko lilikuwa limejaa, barabara zote tatu zinamwaga watu. Mimi nilitoa meza yangu ya kazi nje, kabisa ukingoni mwa barabara, maana kama nitakataa nitakataa watu wakiona. Wasichana niliwaambia wabaki nyumbani. Wote watano walikuja.

Alifika karibu na saa sita, na mwenzake mmoja. Akaweka kitenge juu ya meza.

"Vyombo biko tayari?"

"Viko tayari kwa mashini ya kushona. Hii siitengenezi."

Akanitazama. Sikuwa jasiri, Papa, usidhani. Nilikuwa nimelishika kopo la visi kwa mikono miwili.

"Papa yako alitengeneza."

"Alitengeneza," nikasema. "Na alikosea."

Nililisema kwa sauti ya sokoni. Wauza viazi walisikia. Espoir, aliyekuwa amesimama ng'ambo na koti lake, alisikia. Sijawahi katika maisha yangu kusema mbele za watu kwamba baba yangu alikosea, na kwetu binti hasemi hivyo, baba akiwa hai wala akiwa amekufa. Wanawake wawili walishika mdomo. Lakini lilipotoka, niliachia lile kopo.

"Nipe turnevisi basi," akasema. "Nitafanya mwenyewe."

"Turnevisi pia hapana."

Papa Kambale akainuka kwenye kiti chake. Hakukaribia. Alimgeukia tu ili aonekane uso mzima, na yule mwanaume akauona uso ule, na sijui kama alijua alichokuwa anakitazama. Watu walikuwa wamekusanyika, na hawakuondoka. Mwanaume akachukua kitenge chake. Kisha akashika ukingo wa meza yangu na kuipindua barabarani. Mashini ya mama wa kwaya ilivunjika gurudumu. Kopo la visi lilimwagika lote kwenye vumbi jeusi la lava, na ukijua visi ni ndogo kiasi gani unajua hasara hiyo.

"Tutaonana, dada," akasema. Nami nikamwambia atanikuta hapa hapa.

Walipopotea sokoni, wasichana wakapiga magoti kuokota. Wauza viazi wakaja. Mkuu wa mtaa alipita akitazama mbele kama mwenye haraka. Na Espoir alivuka barabara, akavua koti la ualimu, akalitandaza chini, akaanza kuweka visi juu yake moja moja bila kunitazama. Hakusema samahani wala sikuidai. Aliinua moja, akauliza, "Hii ni ya nini, dada?" Nikaigusa kwa kidole. Nikamwambia ya mguu wa mashini.

Leo ni Jumapili. Sijui kama atarudi kesho, ama mwezi ujao, ama na moto. Wanaosema nimejitafutia matatizo huenda wana haki. Ninaogopa, sifichi. Nikisikia pikipiki ikisimama mlangoni naweka kazi chini. Lakini ninakula vizuri, Papa, kuliko nilivyokula wiki tatu zile za Muheto.

Nilikupenda na bado nakupenda. Nakukumbuka kila nikishika tupa. Wakikuuliza huko uliko kama ni kweli binti yako alikuvunjia heshima katikati ya soko la Sake, mchana, mbele ya watu wa barabara tatu, usinitetee. Waambie ni kweli. Halafu waambie pia kwamba hakuna jicho la mtu litakalotoka kwa kazi yake.

Pumzika, Papa. Na nyinyi mliosoma mpaka hapa: kesho saa mbili nafungua. Mwenye mashini ya kushona alete.

Ni mimi, mama yako na binti yako wa kwanza,
fundi wa Sake